Kinyota Kando ya Sikukuu

Basi lilikuwa nusu tupu. Mbele yangu mchapa kalenda, mzigo wa kalenda mpya mapajani, alikuwa anamlalamikia mama mshona mashuka aliyeketi naye. Hata hawakuwa wanajuana.

"Mama, wenzetu nchi nyingine wanapiga hesabu, tarehe ya sikukuu inajulikana mapema. Sisi mpaka mwezi uandame! Kila mwaka naweka kinyota pembeni: huenda ikabadilika. Si aibu? Dunia nzima ingekubaliana siku moja, yakaisha."

"Wee, koma hapo hapo, mwanangu. Binti yangu ameolewa huko kwa hao wapiga hesabu. Sikukuu yao ikifika ananipigia simu, tunacheka, tunalia. Kesho yake ikifika yetu, ananipigia tena."

Jamaa alikuna kichwa. Hilo halikuwemo kwenye hesabu zake.

"Na zikiangukia siku moja?"

"Mwaka juzi ziliangukia." Mama aligeukia dirishani. "Alipiga mara moja tu."

Basi likasimama. Jamaa alishuka huku akibisha kwamba hesabu ni hesabu, halafu akarudi akagonga kioo.

"Mama! Mwakani Mungu ajalie mwezi uchelewe."