Ndovu wa Matope

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Jua tangu asubuhi, upepo umejaa vumbi jekundu, wingu hakuna. Leo nimesimama mbele ya akina mama wa kanisa letu hapa Sagalla, nikasema. Naandika vile nilivyosema. Kama kuna pahali nimekosea, ni kwa sababu sijazoea kusema mbele ya watu.

Wenzangu, mimi shule niliachia darasa la saba, mnivumilie. Mnakumbuka ule ukame ndovu walipopanda huku wakitafuta maji. Kwetu alikuja mmoja, magharibi, mwanga bado upo. Alitaka tangi. Tukatoka na sufuria na vifuniko kama kawaida yetu, tukapiga, tukapiga na mabati, tukapiga mayowe. Wengine hukimbia. Huyu alikasirika. Alitoboa tangi kwa pembe, akageukia ukuta wa jikoni, akaubomoa kwa kichwa. Mbwa wetu akamrukia. Alimkanyaga mara moja tu, na sote tukasikia mifupa. Baba watoto alirushwa kwenye mawe, bega likavunjika. Kijana wangu, hata miaka mitatu hajafikisha, alikuwa amesimama mlangoni akiona yote.

Niseme haki: ndovu naye alikuwa na kiu, kama sisi.

Tangu jioni hiyo mtoto hakusema neno. Kabla ya hapo alikuwa anaita mama, anaita maji, anaimba. Yote yakaisha. Ikabaki mikono. Alinyonga kifaranga. Aliniuma hapa, mnaona, mpaka damu.

Mwalimu wa chekechea akaniambia, "Mama, mtoto mdogo huongea kwa mikono. Mpe vitu vya kushika, vya kumimina, vya kugonga. Hata vifuniko vya sufuria vinatosha."

Ushauri mzuri, na kwa mtoto wa kwingine ungefaa. Nikampa vifuniko viwili, nikagonga kumwonyesha. Jamani! Alipiga nduru, akaninyang'anya kimoja, akampasua dadake mchanga paji la uso. Shuka likajaa damu. Huku kwetu kifuniko kikilia, ndovu amefika. Mwalimu si wa huku, hakujua. Mimi nilijua, na bado nikagonga.

Baba watoto akasema, "Huyu aende kwa dadangu kule Mwatate kabla hajaua mtu." Sikumlaumu. Yule mwenye bandeji pia ni mtoto wake. Nikamwomba wiki moja tu.

Nilipomweleza mwalimu alishika mdomo. Halafu akasema, "Basi tutafute kitu kisicholia. Matope."

Nikachukua maji niliyooshea vyombo, nikayamwaga kwenye udongo. Mama mkwe akanifokea, "Maji ya kuchezea? Kwani umeolewa Sagalla au baharini?"

"Ni ya vyombo, mama."

"Hayo ni ya ng'ombe!"

Na alisema kweli. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anatuangalia. (Hapa akina mama walicheka, nikapata nguvu.)

Mwanzo alichovya kidole tu, akajipangusa kwa leso yangu. Kesho yake akafinya. Wiki inakaribia kwisha, nguo za safari nimeshazifunga, akakanda donge kubwa kuliko kichwa chake. Akachomeka vijiti viwili mbele. Nikaelewa: pembe. Akaingia jikoni, akarudi akiburuta mwiko wa ugali.

Akapiga. Alimpiga yule ndovu mpaka pembe zikaruka, akamkanyaga, akamtemea mate, uso wote matope, na kila akipiga anapiga kelele: "Toka! Toka! Toka!"

Ndugu zangu, nawaambia, hilo ndilo neno alilorudi nalo.

Baba watoto akatoka nje, mkono umefungwa shingoni. Nilidhani atamkemea. Lakini mama mkwe alimpita, akavua patipati mguuni, akaanza kulicharaza lile tope. "Toka, mshenzi! Ulimvunja mwanangu!" Mtoto akaacha kupiga, akamtazama. Kisha akamnyooshea mwiko.

"Nyanya, piga na hii."

Mwatate hakwenda.

Sitawadanganya, siku nyingine bado anauma. Na sijui kama ni matope yaliyomsaidia au ni muda tu, mimi si mtaalamu. Ila namshukuru mwalimu, aliyekubali kwamba hakujua. Namshukuru mama mkwe, ambaye sasa ndiye anayeweka maji ya vyombo kando. Na baba watoto, aliyenipa ile wiki. Ninachowaachia ni hiki: mtoto akipiga, usimfunge mikono, mtafutie cha kupiga kisichoumia. Na kabla hujamtia kitu mkononi, kumbuka mara ya mwisho alikionea wapi.

Jioni tumekula kimanga cha muhogo na maharagwe. Mama mkwe alimwacha mtoto aponde, wakishika mwiko pamoja. Kilikuwa na madonge makubwa. Baba watoto ameomba aongezwe.