Majina Mia na Kumi na Tatu Yaliyofutwa Kabla ya Bunda

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mradi wa Nyumba kwa Nyumba. Viongozi wa dini na serikali za mitaa. Ndugu zetu wote mliofika.

KARIBU KITAJI

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea wa Musoma, Bunda na Butiama tunakukaribisha kwa furaha ofisini kwetu hapa Kitaji, Musoma. Simu ulizotupatia bado zinafanya kazi. Tunakushukuru sana, maana kabla yake tulikuwa tunabeba madaftari kwenye mitumbwi, yakilowa.

TULIKOTOKA

Simu hizo zina majina ya wagonjwa wanaotumia dawa za kudumu. Kijijini kila mtu anamjua mwenzake, kwa hiyo jina likitoka, limetoka. Tulipoanza kuogopa, Enos Machage, fundi simu wa Nyasura kule Bunda, alituwekea programu huria, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure na kuchungulia zilivyotengenezwa. Seva yake ni kompyuta kuukuu iliyo chumba cha pili hapa ofisini, kwa hiyo taarifa za wagonjwa wetu hazikai kwa mtu baki. Kutoka kwenye kompyuta hiyo tunaweza kuiliza simu iliyopotea ili isikike, kuona ilipo, kuifunga au kuifuta.

YALIYOTOKEA AGOSTI

Mwenzetu Consolata Nyamhanga alishuka bandarini Mwigobero kufuata dawa. Kwenye purukushani za kushusha na kupakia magunia ya dagaa, mkoba wa simu ukapotea. Ndani mlikuwa na majina mia na kumi na tatu. Alikuja hapa mbio, kiatu kimoja mkononi. Kwa bahati ilikuwa Alhamisi, siku ya Enos kuja.

"Naiona, dada," Enos alisema. "Imeshapita Makutano, inaelekea Bunda. Nimeiliza, hakuna anayejibu. Nimeifunga, ila hiyo alama yako ya kufungulia hata mtoto ataipata. Na chaji ni asilimia nne. Ikizima, hatuigusi tena."

"Kimebaki nini?"

"Kufuta kila kitu. Orodha ya wagonjwa tunayo nakala kwenye seva. Vitu vyako binafsi hatuvihifadhi. Una chako humo?"

Consolata alikaa chini. Mama yake, Gaudensia, alifariki Machi. Kwenye simu ile kulikuwa na ujumbe wake wa sauti akiagiza samaki: "Conso, ukija niletee ningu, usimle njiani." Halafu anacheka. Hakuna mahali pengine ambapo sauti ile ilikuwepo.

"Nilikuwaga nausikiliza kila asubuhi kabla sijatoka," alisema. "Hawa watu hawakunipa majina yao ili yasomwe sokoni. Futa."

Enos alisita. Consolata akainuka, akabonyeza mwenyewe.

Jioni ile tuliirudisha orodha kwenye simu ya mwenzake, na asubuhi dawa zikasambazwa. Hakuna mgonjwa aliyekosa hata kidonge kimoja.

Siku ya tatu Mseti, dereva wa lori la dagaa, aliuleta mkoba. Jina la kikundi lilikuwa limeshonwa ndani. "Ulikuwa katikati ya magunia," alisema. "Nilisikia mlio nyuma, nikadhani ni simu ya utingo." Basi, hakukuwa na mwizi. Enos aliinamisha kichwa. Consolata alimwambia, "Tusingejua. Hata leo ningebonyeza."

YANAYOTUSUMBUA

Umeme ukikatika, seva inazima, na siku hiyo simu ikipotea tunabaki kuangaliana. Enos anatuhudumia bure, na nauli kutoka Bunda anajilipia. Akiugua, hatuna wa kushika nafasi yake.

MAOMBI

Tunaomba betri ya kuhifadhi umeme, na mafunzo kwa wawili wetu wajifunze kazi ya Enos.

La mwisho tumelijadili sana kama tuliandike. Kanuni ya mradi inasema anayepoteza simu asimamishwe. Tunaiheshimu, na tunajua iliwekwa kuwalinda wagonjwa. Consolata alirudisha sare yake Septemba, imefuliwa na kupigwa pasi. Leo amekaa safu ya nyuma kwa gauni lake la kanisani. Ametuomba tusimtaje, tumemkatalia.

Tungependa wale mia na kumi na tatu wasimame hapa wakuambie alichowafanyia. Haiwezekani. Wengi hawajui kilichotokea, na wakisimama tu, siri aliyowatunzia itakuwa imetoka. Hawana namna ya kumwombea mbele yako. Ndiyo maana tumesimama sisi.

Mungu akulinde safarini, aibariki nyumba yako, na akupe moyo mwepesi unapoamua.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Wahudumu wa Afya TUFIKIANE
Musoma, Bunda na Butiama