Japheth Owiti Magak, Mtoto wa King'ora (1957–2025)

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kosele na wageni mliotoka Macalder na Magunga, familia imemtuma Risper, dada mdogo wa marehemu, awasomee maisha yake, na yatasomwa kwa Kiswahili kwa sababu mwenyewe aliagiza hivyo, maana ndicho kilichosemwa nyumbani kwake tangu alipooa, na wale wanaonung'unika nyuma ya hema kwamba Mjaluo aagwe kwa Kijaluo wavumilie kidogo, hatutawachelewesha. Tarehe zimetoka kwenye vyeti na kwenye kalenda zake, atakayetaka kuzibishia aje na karatasi.

Japheth alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 mjini Jinja, Uganda, katika laini za wafanyakazi, nyumba nambari 46, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Elisha Magak, aliyeendesha mtambo wa kufuma katika kiwanda cha nguo, na marehemu Marcella Akeyo, aliyeuza chai na mihogo ya kuchemsha langoni pa kiwanda. Kondo lake la nyuma, ambalo sisi tunaliita biero, na ambalo kwa desturi huzikwa nyumbani kwa baba ili mtoto ajulikane ni wa wapi, lilizikwa nyuma ya laini hiyo kwa sababu nyapara alimnyima Elisha ruhusa ya kusafiri, na jambo hilo mlishike, maana ndilo lililomfuata ndugu yetu hadi uzeeni.

Utoto wake aliusimulia mara nyingi, hata watoto wake wakaujua kama sala. King'ora kililia saa kumi na mbili u nusu kuamsha watu, saa moja kuwaingiza kazini, saa saba kuwapa chakula na saa kumi na moja kuwatoa, na hakuna mama wa laini aliyehitaji saa ukutani, sufuria iliinjikwa kwa king'ora, mtoto aliogeshwa kwa king'ora, na wa kuchapwa alichapwa kabla baba hajatoka. Mtaro wa kiwanda ulipita nyuma ya nyumba na maji ya rangi, leo samawati, kesho mekundu, na watoto waliamka wakibishania rangi ya siku, aliyekosea akisukumwa ndani, basi Krismasi ya 1965 Japheth alibatizwa akiwa na miguu ya kijani hadi magotini, mchungaji akamwuliza mama, "Marcella, umeniletea mtoto au kabeji?" Pamba iliruka ikatua kwenye nywele na kwenye mboga, moshi wa kiwanda cha shaba ukigeuka kila mama alikimbilia kamba ya nguo, na katika laini hiyo Wasoga, Wanubi, Waluhya, Wakuria na Wajaluo waligombana na kupatana kwa Kiswahili. Hatusemi kulikuwa peponi, baba alikohoa pamba kila asubuhi, lakini mtoto hupenda pale alipochezea.

Alisoma Jinja kuanzia Januari 1965 hadi darasa la sita, na mwishoni mwa mwaka wa 1970, wafanyakazi Wakenya walipoamriwa kuondoka Uganda, familia ilifika hapa Kosele tarehe 9 Novemba na masanduku mawili na cherehani moja. Hapo ndipo baba yetu mdogo, Mzee Ombija, alipomtazama kijana wa miaka kumi na mitatu akasema mbele ya watu, "Huyu biero yake iko Uganda, atajengaje hapa?" Mzee Ombija yuko hapa mbele, ana miaka tisini na mmoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuyasome bila kuyapaka sukari. Mama alimjibu palepale, "Shemeji, hapa mnalima mahindi au mnalima kondo?" Watu wakacheka, lakini kicheko hakigawi shamba, Elisha na wanawe walionyeshwa ile kona ya mawe kando ya barabara, hiyo hiyo tuliyokalia sasa, na shuleni, alikorudishwa darasa la sita, Kijaluo chake kilipokwama mdomoni, wenzake walimwita Jajinja, mtu wa Jinja, jina lililomfuata hata baada ya kumaliza darasa la saba mwaka wa 1972.

Alijifunza ufundi wa chuma mjini Homa Bay kwa marehemu Mzee Issack kuanzia mwaka wa 1973, na tarehe 3 Februari 1978 akaenda Macalder kuchimba dhahabu, akakaa miaka kumi, na alipapenda kuliko alivyokubali kusema, kwa sababu yale mabaki ya mgodi wa zamani, kuta na vyuma vilivyoachwa kwenye nyasi, yalimrudisha kwenye laini yao. Huko alimpata Nyangi, binti wa Kikuria aliyewauzia wachimbaji uji, ambaye maneno yake ya kwanza kwake yalikuwa, "Wewe mbona unakunywa uji wangu ukiangalia saa, kwani nyapara wako ni nani?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, na Mungu akawapa James mwaka wa 1983, Mourine mwaka wa 1986 na Bravin mwaka wa 1991.

Alirudi Kosele tarehe 20 Aprili 1988 akafungua karakana ya milango na majiko, na katika mizigo yake kulikuwa na kipande cha reli ya mgodi, akakining'iniza kwenye nguzo, akaanza kukigonga saa zile zile nne za Jinja, kila siku isipokuwa Jumapili. Watu walikasirika, tuseme ukweli, jirani yetu Mama Mokeira alisimama uani akapiga kelele, "Owiti, umetuletea kiwanda, mshahara uko wapi?" na wengine wakasema Jajinja amerukwa na akili. Hakubishana na mtu, aligonga tu. Kisha Juni 2003 alienda matangani Magunga siku tatu, reli ikanyamaza, watoto wakachelewa shule, akina mama wakaachwa na gari la soko, na siku ya tatu Mzee Ombija alikuja na fimbo yake, akakaa mlangoni pa karakana hadi Japheth aliporudi, akamwambia, "Mtoto wetu, gonga chuma chako, kijiji kimelala." Ndugu yetu alikuwa na miaka arobaini na sita, na katika kisa hicho alikokoteza neno moja tu kila alipokisimulia, wetu.

Hata hivyo lile la biero halikumtoka moyoni, na Agosti 2011 yeye na Nyangi walisafiri hadi Jinja, wakakuta lango la kiwanda lina kufuli, nyasi uani, na mtaro unapitisha maji meupe ya kawaida, akasema, "Haya si maji yetu." Alichota udongo nyuma ya nyumba nambari 46 akaujaza kwenye mkebe, akaubeba mapajani hadi Kosele, akamwonyesha mama kwa fahari. Mama alicheka hadi akashika ukuta, "Wewe! Nambari walizibadilisha mwaka wa sitini na tatu, ulipozaliwa sisi tulikuwa mwisho kabisa, karibu na bomba, tukahama kabla hujapata akili, hapa umenibebea biero ya watoto wa Nchagwa, yule Mkuria, sasa ndiyo najua kwa nini ulioa huko!" Japheth alicheka naye, lakini mkebe hakuutupa, alisema ni udongo wa laini, na laini ilikuwa moja.

Alianza kuugua kifua Machi 2024, madaktari wakasema ni vumbi la mashimo, akalazwa mara nne mjini Homa Bay, na alifariki Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, saa kumi na moja na dakika tano jioni, yaani mtu huyu alipitisha dakika tano baada ya king'ora, jambo ambalo angemkemea yeyote aliyelifanya.

Wiki hii kumekuwa na mvutano, na hatuufichi, wazee wengine wakikataa mkebe wa udongo wa kigeni uingie kaburini, hadi jana Mzee Ombija alipogonga fimbo chini akasema, "Mtu tumekula chakula chake, tumeamshwa na chuma chake, tutakataa udongo wake?" Kwa hiyo ataumwaga mzee mwenyewe, kwa mkono wake, na mjadala umefungwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupasua kuni, Mama Mokeira aliyelala hapa siku zote hizi, mafundi wenzake waliotengeneza msalaba, na wachimbaji wa Macalder waliolichimba kaburi hili kwenye mawe haya bila kulalamika.

Saa kumi na moja Mourine ataigonga reli. Owiti, hicho ni king'ora cha kutoka, weka vifaa chini uende nyumbani, na nyumbani ni hapa. Pumzika kwa amani.