Mume Wangu Hakunipiga

Akina mama wenzangu wa jumuiya, nanyi akina baba mliojificha kule nyuma, mimi si msemaji. Lakini leo lazima niseme, maana yupo mtu humu aliyebeba aibu isiyo yake kwa sababu ya uzembe wangu.

Mnajua nina lehemu, mafuta mengi kwenye damu. Vidonge vya kwanza viliniumiza misuli, daktari akanibadilishia dawa ya unga, ya kukoroga kwenye maji. Akasema nirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Sikurudi. Msimu wa mpunga hapa Kagongwa mnaujua wenyewe! Dawa ikiisha nanunua nyingine dukani. Mwaka ukapita hivyo.

Ndipo damu ikaanza kuvilia. Nikijigonga kidogo tu kwenye meza, doa jeusi. Mikononi, mapajani, hata chini ya jicho. Ndugu zangu, nawaambia, mlinifuata mmoja mmoja: "Mayu, mama yetu, mzee anakupiga?" Nikicheka, ndiyo mnazidi kuamini. Mume wangu kwa aibu akaacha kwenda kijiweni kwa wenzake. Jioni ananikanda madoa.

Kisha kaka yangu akatoka Mwadui, kakunja uso. "Shemeji, nimekuja kumchukua dada yangu."

Mume wangu akamjibu taratibu, "Mchukue. Ila mpitishe hospitali kwanza. Mimi nimembembeleza, hataki."

Hapo nililia jamani. Tukaenda wote watatu.

Daktari akauliza, "Unatumia dawa gani, mama?" Nikamtajia ile ya unga. Akanielewesha kwamba unga ule hunasa nyongo tumboni ili kushusha lehemu, lakini unaweza kuzuia vitamini zinazohitaji mafuta zisiingie mwilini. Mojawapo ni K, inayosaidia damu kuganda. Kumbe mboga nakula, mwili haufaidi! Wakanipima damu, wakanichoma sindano ya vitamini, wakanipangia dawa upya. Wiki chache, ngozi ikatakata.

Kaka akarudi kuomba radhi. Mume wangu akamkatiza: "Shemeji, ungenyamaza ningejua humpendi dada yako. Nawa mikono, tule."

Nanyi mlioninong'oneza, nawashukuru, mlinijali. Wabeja sana. Ila nawaomba: dawa ya kila siku usiiache kwa kuamua mwenyewe, wala usiiendeleze bila kurudi kupimwa. Na ukiona mwili umebadilika, sema mapema.

Baba watoto, simama kidogo wakuone. Ndiye huyu. Hajawahi kuninyanyulia hata sauti.