Mita Arobaini kwa Mita Mbili

Benchi la mbele ya karakana ya mjomba ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makasha mawili ya betri, na anayeinuka bila kuaga humwangusha mwenzake. Hapo hukaa Kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye akikosa vichwa hunyoa watu kwa maneno. Hukaa Spika, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa haongei mtu hapo bila yeye kutoa ruhusa. Na hukaa mjomba mwenyewe, fundi redio, birika la kahawa miguuni, na ukutani nyuma yake leseni ya redio ya ridhaa, daraja la tatu: ile ya watu wanaozungumza wao kwa wao hewani kwa mapenzi tu. Mimi hufika nikitoka chuoni. Wananiita Wakili, ingawa nasoma uchumi. Jioni hiyo nilifika nimefura, simu mkononi, kwa sababu Mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imetangaza kugawa upya masafa ya redio za ridhaa, na mwenye maoni ayatume kabla ya Ijumaa.

— Soma tena hapo, — aliamuru Spika. — Taratibu.

— “Wenye leseni ya daraja la tatu wataondolewa kwenye mita arobaini na kuhamishiwa mita mbili.”

Kinyozi alishika kiuno.

— Mita arobaini kwa mita mbili! Fundi, hapo hata kuku hageuki! Una hati ya hicho kiwanja?

— Si kiwanja, bwana. Ni urefu wa wimbi.

— Haya, wimbi la mita arobaini linafika wapi? Kwa muuza mkaa pale? Si ungemwita tu kwa mdomo!

Mjomba alicheka, akainua kikombe kuonyesha.

— Hili la arobaini linapanda, linagonga huko juu, linarudi chini nyuma ya milima. La mita mbili linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Likikuta mlima, limekwisha.

Hapo utani ukapoa kidogo, maana sote tulijua nyuma ya milima yuko nani. Yuko mama mdogo, dada yake mjomba anayemfuata kuzaliwa, mkunga wa zahanati ambako simu haishiki hata ukipanda juu ya paa. Jua likizama huwasha redio yake, mjomba huwasha yake, wakasalimiana. Naye ni daraja la tatu. Hawana njia nyingine.

— Basi apande daraja, — alisema Kinyozi. — Mtihani si upo?

— Upo wapi? — nilimrukia. — Upo makao makuu tu, tena sharti la kuingia ni cheti cha chuo! Mtu anawasiliana hewani tangu sijazaliwa, leo aambiwe hastahili kwa sababu hana karatasi? Wanafunga mlango, halafu wanauliza mbona uko nje!

— Wakili, punguza sauti, — alisema Spika. — Upande wa pili usikike. Fundi, hao wakubwa wa daraja la kwanza wanaotaka mwondolewe wanalalamika nini?

— Kelele, — alijibu mjomba. — Na wana haki kidogo. Sisi wa tatu tumejaa, tunapandana, mwingine anaingia na mtambo mbovu anaharibu kote. Wao wanatafuta sauti hafifu za mbali sana, wanataka utulivu.

— Mjomba! Unawatetea?

— Mpwa wangu, nasema ninachokisikia. Mimi ndiye niliye kwenye zile kelele.

Nilijimiminia kahawa.

— Mimi linanitatiza hilo neno, — alisema Spika. — Masafa. Nimeendesha lori ujana wangu wote, masafa ninayoyajua ni umbali. Sasa umbali unagawiwaje?

— Ya redio ni mengine, mzee. Ni kasi ya mtetemo. — Mjomba alikitazama kikombe. — Lakini hujakosea sana. Nikimpata hewani, yule yuko hapa, kwenye stuli ya karakana. Wakinitoa, ndipo atakapokuwa mbali.

Kinyozi hawezi kuvumilia huzuni.

— Mnadanganywa nyie. Utulivu gani? Hao wanapima viwanja angani. Leo mita arobaini, kesho mawingu. Mvua itanyesha kwa wenye daraja la kwanza tu.

— Kaa chini, — alisema Spika. — Jambo lenyewe ni zito zaidi. Sauti haifi. Neno likishatoka linazunguka huko juu, halina pa kutua. Wakubwa wametambua hilo. Wanataka kimya wawasikilize babu zao, wajue nani hasa alirithishwa shamba.

— Kumbe! Na sisi tukiongea tunawafunika marehemu!

— Ndiyo maana kelele zetu zinawauma.

Tulicheka hadi ubao ukayumba. Wakati huo alifika mama mmoja na pasi iliyokatika waya. Akasalimia, mjomba akaanza kuifungua, naye akajibanza mwisho wa benchi. Nami, kwa kuwa nimepata hadhira mpya, nikasoma kwa sauti maoni niliyoyaandika: haki, usawa, mtihani usiofikika, na kaka na dada wasio na njia nyingine.

— Umeandika vizuri, mwanangu, — alisema yule mama. — Na huyo dada mtu anasemaje?

— Tumemsemea.

— Sawa. Ila yeye mwenyewe, anasemaje?

Nilimtazama mjomba. Bisibisi ilikuwa imesimama kwenye skrubu. Kinyozi aliinama kuchungulia birika, na Spika, kwa mara ya kwanza, hakumpa mtu ruhusa ya kusema.

— Hajui, — alisema mjomba hatimaye. — Tangu tangazo litoke tunaongea habari za mvua. Na mbuzi wake amezaa.

Hoja zangu zote zilikuwa kwenye simu, zimepangwa, na hapakuwa na hata moja iliyotoka kwake.

Jua lilikuwa linazama. Mjomba aliweka pasi kando, akatuambia anainuka, akaingia karakana. Tulimfuata mpaka mlangoni, hata yule mama. Aliwasha mtambo, akatafuta taratibu katikati ya sauti za watu wanaopandana, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti ili asikike. Hakusema kitu. Akaachia. Akabonyeza tena.

— Kaka, — ilisema sauti ya mama mdogo, karibu kabisa, kama yuko kwenye stuli. — Nakupata vizuri. Nasikia unavyopumua. Sema.