Ngaire Tolhurst na Zulia la Korongoni

Mama yetu, Ngaire Muriel Tolhurst, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika shamba la ng'ombe wa maziwa la wazazi wake, Wilfred na Edna Cossar, hapa hapa Bonde la Mangawera. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano, na Mungu alimwacha awe wa mwisho wao kuondoka.

Alisoma shule ya darasa moja kando ya daraja, kisha sekondari mjini Taumarunui hadi mwaka 1953. Akiwa na miaka tisa alipata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya maua ya shule kwa bustani yake ya kwenye sahani. Kipande cha kioo kilikuwa ziwa, na pembeni alipanga mmea laini wa kutambaa aliouomba kwa shangazi yake. Ulikuwa selaginela. Kwao hasa ni misitu ya Afrika, ambako hauna ugomvi na mtu. Huku kwetu visiwani, ng'ambo ya bahari, uliletwa kupamba bustani. Mama aliupenda tangu siku hiyo.

Kwa miaka saba aliunganisha simu katika posta ya Taumarunui. Alijua siri za bonde zima na hakuitoa hata moja. Tarehe 20 Februari 1960 alifunga ndoa katika kanisa hili na Clarrie Tolhurst, mkata manyoya ya kondoo. Baba alimjengea kibanda cha mimea, na humo mama alitengeneza vikapu vya kuning'iniza, ambavyo aliviuza na, mara nyingi zaidi, alivigawa. Kila kikapu kilifunikwa selaginela. Wanawake wa kanisa waliiita "zulia la Ngaire", na baraza ambayo haikuwa nalo ilionekana imesahauliwa.

Baba alifariki tarehe 3 Juni 1991. Kwa desturi yetu wanaume huchimba kaburi, na asubuhi ya maziko wanawake huvika kuta zake majani ili jeneza lisishuke kwenye udongo mtupu. Mama alileta trei sita za zulia lake, nyingine zikapandwa juu ya kaburi baadaye. Wengi walisema hawajawahi kuona kaburi zuri kama lile. Mabaki tuliyatupa nyuma ya uzio, kama tulivyozoea kutupa maua yaliyonyauka. Nyuma ya uzio ndipo linapoanza korongo la akina Rangihuna.

Mwaka 2003 Mereana Rangihuna, rafiki wa mama tangu siku za posta, aliingia jikoni na ndoo tupu. Alikuwa ameshuka korongoni kuchuma pikopiko, yale machipukizi ya kangaga yanayoliwa kama mboga, ambayo bibi yake alichuma hapo maisha yake yote.

"Shoga, zulia lako limefika kwa bibi yangu," alisema. "Tena halikubisha hodi."

"Limefika kiasi gani?"

"Vaa mabuti uje uone, uache 'kiasi gani' zako."

Mama alikuta kijani kitupu kuanzia uzio wa makaburi hadi kwenye maji, kimeshonana, hakuna mche wala chipukizi lililoweza kupenya. Alikaa chini palepale kwenye unyevu.

Jumapili iliyofuata alisimama wakati wa matangazo akasema, "Korongo la akina Rangihuna nimeliharibu mimi." Mchungaji wa wakati huo alimtuliza kwamba ni majani tu.

"Baba Mchungaji, njoo Jumanne uyang'oe, halafu uniambie tena."

Alikuja. Hakumwambia tena.

Mama alichoma mimea yake yote, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuomba vikapu alivyogawa. Jirani yetu Des Hargood alisimama mlangoni. "Ngaire, hiki ulinipa Krismasi. Leo unanidai zawadi?"

"Nakudai, Des. Na sahani yangu ya keki pia, imekaa kwako tangu msiba wa mama yako."

Alirudi na vyote viwili.

Kila Jumanne yeye na Mereana walipiga magoti korongoni na visu na magunia, kwa sababu kipande cha ukubwa wa ukucha kikidondoka huota upya. Hata hivyo, kila baada ya mvua kubwa zulia lilirudi. Wote wawili walijua sababu, na kwa miaka minane hakuna aliyeisema. Juu ya kaburi la baba lilikuwa limebaki, nene na zuri, na maji ya mvua yaliteremsha vipande vyake.

Mwaka 2011 Mereana alichoka. "Ngaire, tunakausha sakafu na bomba umeliacha wazi."

"Hapo usiniguse."

"Mumeo namheshimu. Bibi yangu je, nani atamheshimu?"

Kwa wiki tatu mama hakupokea simu. Wiki ya nne alikwenda makaburini peke yake na kisu cha jikoni, akamvua baba zulia lote mpaka udongo ukaonekana. Jioni alimpigia Mereana. "Bomba nimelifunga. Kesho lete chai wewe, mimi sina nguvu."

Oktoba 2017 yaliota machipukizi saba ya pikopiko kando ya maji. Waliyahesabu mara mbili na hawakuyachuma.

Mwezi Mei mwaka huu mama aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliipokea kwa sala na bila kulalamika. Mwishoni mwa Agosti Mereana alimletea bakuli dogo la pikopiko zenye siagi.

"Kula, shoga. Za korongoni hizo."

Mama alikula tatu. "Chumvi haijakolea."

"Hata kufa utakufa unakosoa!"

Walicheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Mama alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 8 Septemba 2019, saa mbili asubuhi. Aliagiza kaburi lake lisivikwe kitu. Akina mama waliokuja leo na majani yao, tunawashukuru na tunawaomba radhi.

Ameacha watoto watatu, Lorna, Graham na Judith, wajukuu saba, vitukuu wanne, na Mereana, ambaye mama alitaka jina lake lisomwe pamoja na majina ya familia.

Sehemu ya chini ya korongo bado haijasafishwa, na Mereana ana miaka themanini na moja. Jumanne saa tatu asubuhi atakuwa kwenye lango la makaburi. Yeyote ambaye magoti yake bado yanakunjika anaombwa afike.

Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani, na sisi atuamshe Jumanne.