Mate ya Wasiolazwa

Ndugu, jamaa na marafiki, mliopata viti na mliosimama, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu wa kiume, niwasomee maisha ya dada yetu, na sauti ikipanda mtuwie radhi, maana tumekuja na majonzi, na hasira pia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, binti pekee wa mama mshona nguo na baba dereva wa lori. Alianza darasa la kwanza Januari 1987, akamaliza sekondari mwaka 1998, huku akiwachosha walimu kwa swali moja tu, "Tumejuaje?" Alipata stashahada ya maabara Novemba 2001, na tarehe 2 Septemba 2002 akaajiriwa katika maabara ya hospitali, ghorofa ya chini, chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na fundi umeme, aliyekuja kutengeneza friji ya sampuli na kurudi mara tatu kuikagua friji isiyo na tatizo lolote, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Korona ilipoingia, wakubwa waliwahesabu waliolazwa, yeye akawauliza, je, hawa wanaotembea, mwenye koo la kuwasha na mwenye mafua kidogo, wana nini mdomoni? Kuanzia Februari 2021 aliwaomba watu wazima thelathini na wanane wenye dalili ndogo wateme mate kwenye kikopo kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, kwa siku kumi na nne, akapima wingi wa virusi katika kila kikopo, ndipo wenzake wakambandika jina la Mama Mate, naye akalipenda. Alichokiona kilimkosesha raha: muuza duka aliyeapa kwamba ana mafua tu alikuwa na virusi tele siku ya kwanza, na siku ya saba bado vilikuwa vingi, ilhali kanuni ya hospitali ilimtaka mfanyakazi wake mwenye dalili kama hizo arudi kazini siku ya nne.

Tarehe 10 Mei alipeleka ripoti kwa mkuu wa maabara. "Mama Mate, watu wanakufa wodini, wewe unaniletea mate ya watu wanaotembea?" akasema mkuu, akaifungia kabatini.

Tarehe 21 Juni mpokea sampuli, mwenzake dada wa meza ya jirani, aliamriwa kurudi kazini akiwa bado anakohoa. Dada akampima, akapanda ngazi na karatasi mkononi.

"Bosi, huyu bado amejaa virusi, na chumba chetu hakina hewa. Mwache aende nyumbani."

"Kikohozi hicho hata mimi ninacho. Rudi kazini."

Dada akarudi mezani. Tarehe 25 Juni koo likaanza kumwasha, tarehe 1 Julai akalazwa, akawa anamtuma mumewe maabara na kikopo cha mate yake mwenyewe, akiandika tarakimu daftarini mpaka mkono ukakataa, na tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi, akafariki dunia, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Juzi, hata hatujamzika, tangazo limebandikwa mlangoni mwa maabara: mwenye dalili ndogo akae nyumbani siku kumi. Takwimu zilizomo ni za dada, tumezilinganisha na daftari lake moja moja, lakini sahihi ni ya mkuu, na jina la dada halimo.

Mpokea sampuli yupo, amejibanza kule nyuma kama mtu aliyeiba. Kaka, njoo ukae na familia, uliamriwa kama alivyoamriwa yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi waliohangaika naye, majirani waliotulelea watoto, wenzake wa maabara, na wale thelathini na wanane waliotema mate bila kuona aibu. Mkuu wa maabara ameleta shada la maua na ameomba dakika mbili za kuzungumza. Shada tumelipokea. Dakika mbili familia imemnyima, kwa sababu alikuwa na miezi miwili ya kuisoma ripoti.

Dada yetu, pumzika salama.